Tope Likikataa Kutuama: Kutafuta Kiini cha Matatizo ya Maji Taka ya Viwanda vya Vyakula na Vinywaji, Mombasa

Simu huingia alfajiri, hata chai sijanywa. "Fundi, maji ya kutoka yamekuwa kama uji wa wimbi." Anayepiga ni kijana wa zamu ya usiku, na kabla sijafungua kinywa ameshauliza aongeze dawa gani. Swali hilo silijibu. Namuuliza mimi: jana mlipika nini, na mlimwaga nini?

Nimezunguka na mitambo ya maji taka ya Changamwe, Miritini na Shimanzi, ya maziwa, ya juisi, ya soda na ya samaki, na mara nyingi tangi linaloonekana gonjwa halina kosa lolote. Tangi hupokea tu kinachoteremshwa. Ugonjwa huanzia sakafuni, kwenye uzalishaji, na dalili huja zimechelewa: kostiki ya kuoshea mitambo hujitokeza baada ya saa chache, sukari baada ya siku moja au mbili, upungufu wa mbolea baada ya wiki kadhaa. Ndiyo maana ukifuata dalili yoyote hapa chini hadi mwisho wake utajikuta umesimama mbele ya valvu ya mtu mwingine.

Mtambo ninaouzungumzia ni wa kawaida: chujio la takataka, kinasa mafuta, tangi la kusawazisha, tangi la hewa lenye tope hai (madonge ya bakteria wanaokula uchafu), tangi la kutuamisha, kisha mfereji au bomba. Ujue pia maji yako yanakwenda wapi, maana sehemu kubwa ya Mombasa haina bomba la maji taka. Kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka miligramu 30 za BOD (oksijeni ambayo bakteria huhitaji kula uchafu ulio majini) na 50 za COD (oksijeni inayohitajika kuuchoma uchafu huo kwa kemikali) kwa lita kwa maji yanayomwagwa kwenye mazingira, na 500 na 1,000 kwa yale yanayoingia bomba la umma. Anayeshusha kwenye bomba liendalo Kipevu na anayeshusha kwenye mikoko ya Tudor hawabebi mzigo mmoja. Leseni yako ndiyo yenye tarakimu zako, ibandike ukutani.

Kabla hujagusa kitu

Chota lita moja kutoka tangi la hewa, mimina kwenye silinda ya kioo ya mililita 1,000, iweke kivulini pasipotikisika, kisha tazama saa. Una nusu saa ya kusubiri, na usiikae bure. Pima oksijeni iliyoyeyuka katikati ya tangi na pembeni, si juu ya difyuza, vile vitoa viputo vya hewa vya chini ya tangi, peke yake ambako hata tangi linalokufa huonekana zima. Pima pH ya tangi la kusawazisha na ya tangi la hewa. Nusa. Tope zima hunuka udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Likinuka yai viza au siki, nusu ya jibu unayo. Rangi ya kahawa yenye maziwa ni afya, kijivu ni tope changa au lililolemewa na chakula, nyeusi ni tope lililokosa hewa likaoza.

Halafu fungua daftari la zamu. Kama halipo, panda ukaongee na msimamizi wa uzalishaji, na uende na adabu zako. Hakuna atakayekwambia kwamba usiku walifungulia tangi zima la juisi iliyochacha ikiwa umeingia ofisini kwake na buti za matope, sauti juu.

Silinda imejaa tope hadi juu

Baada ya nusu saa tope zuri huwa limeshuka hadi mililita 200 au 300, na maji yaliyo juu yake unaweza kusomea gazeti. La kwako limesimama kwenye 900. Kuna maelezo mawili ambayo kwa macho yanafanana kama mapacha: tope ni jingi mno, au tope ni bovu. Wengi hukimbilia valvu ya kutupa tope. Kama shida ilikuwa ubovu, umefukuza wafanyakazi wachache wazuri waliobaki.

Kwa hiyo fanya jaribio la nusu kwa nusu. Nusu lita ya tope, nusu lita ya maji yaliyotoka mwisho wa mtambo wenyewe. Usitumie maji ya bomba, yana klorini. Likishuka sasa hadi 250 au 300, tope lilikuwa jingi: tupa kidogo kidogo, kama sehemu moja ya kumi kwa siku, si zaidi. Likibaki kwenye 700 au 800, una nyuzi. Ukiwa na mizani na tanuri ya kukaushia, gawanya usomaji wa silinda isiyochanganywa kwa gramu za tope kavu katika lita: 900 kwa gramu 3 ni 300. Chini ya 150 lala usingizi. Ukipita 200 una kazi.

Nyuzi hizo ni bakteria warefu. Chini ya hadubini utawaona wametoka nje ya madonge na kuyashikilia yasikaribiane, kama usumba wa nazi ulioroweka. Wana kazi yao, lakini wakizidi tope huwa kama pamba. Na wanazidi kwa sababu tatu hasa.

Ya kwanza ni hewa ndogo. Hapa Pwani tunanyimwa mara mbili. Maji safi ya nyuzi joto 20 hubeba oksijeni miligramu 9.1 kwa lita yakijaa pomoni. Ya nyuzi 30 hubeba 7.6 hivi, na yakiwa na chumvi hushuka tena. Wakati huohuo joto huwatia bakteria hamu ya kula, kwa hiyo wanataka hewa nyingi zaidi. Bloa, mashine ya kupuliza hewa, iliyochaguliwa kwa hesabu za mji wa baridi itakuwa ndogo Changamwe mwezi wa Machi, hata kama ni mpya na karatasi zake zote ni halali. Lenga oksijeni isiyopungua miligramu 2 kwa lita saa ya mzigo mkubwa, na saa hiyo si ile ya asubuhi anapokuja mkaguzi. Kama haifiki, tazama kwanza chujio la hewa la bloa (vumbi la unga huliziba haraka kuliko unavyodhani), kisha viputo juani: kiputo kikubwa kinachochemka mahali pamoja ni difyuza iliyopasuka, na sehemu tulivu ni difyuza iliyoziba.

Ya pili ni njaa ya mbolea, na hii ndiyo inayowapiga sana watu wa juisi na soda. Bakteria hawaishi kwa sukari tupu. Kwa kila kilo 100 za BOD wanahitaji karibu kilo 5 za naitrojeni na kilo 1 ya fosforasi. Maji ya kiwanda cha maziwa au samaki huwa nayo ya kutosha, ya samaki hata kupita kiasi. Maji ya maembe hayana.

Kiwanda kimoja nilichoitwa mwezi wa Desemba, kaskazi imeanza na malori ya embe ngowe yamepanga foleni hadi barabarani, kilikuwa kimeshanunua dawa ya kugandisha ya mwezi mzima. Tope lao lilikuwa linanata. Nilichovya kijiti cha ufagio, nikakiinua, tope likafuata kama mlenda wa bamia. Oksijeni 3, pH 7, hakuna sumu yoyote. Nikaomba wapime amonia, naitreti na fosfati kwenye maji ya kutoka: zote karibu sufuri. Walikuwa wanashusha mita za ujazo 100 kwa siku zenye BOD ya miligramu 800 kwa lita, yaani kilo 80. Mahitaji: naitrojeni kilo 4, fosforasi kilo 0.8. Kilo 4 za mbolea ya DAP kutoka duka la pembejeo hutoa fosforasi yote hiyo pamoja na naitrojeni kilo 0.7, iliyobaki hutoka kwenye urea kilo 7. Unaviyeyusha kwenye pipa na kudondosha mchana kutwa, humwagi vyote saa mbili asubuhi. Unajua umetosheleza pale maji ya kutoka yanapobaki na kama miligramu 1 ya naitrojeni iliyoyeyuka na nusu miligramu ya fosfati. Zaidi ya hapo unalisha mwani wa mfereji.

Tulianza Jumatatu. Ijumaa meneja akaniita: mbona haijafanya kazi? Haiwezi. Tope lililoharibika kwa mwezi hubadilishwa na tope jipya, na hilo huchukua wiki mbili au tatu za kuzaa na kutupa. Kama meneja hajaambiwa hivyo mapema, atakuwa ameshakufukuza siku ya kumi, au ameshanunua pipa la "bakteria maalumu" kutoka kwa mchuuzi mwenye tai.

Ya tatu ni maji yaliyochacha kabla ya kufika. Tangi la kusawazisha lisilokorogwa, likikaa na juisi au maziwa siku nzima katika joto la hapa, huwa kiwanda cha siki. Asidi hizo ni halua kwa aina fulani za nyuzi. Weka mkorogo au hewa kidogo humo, na usilijaze kwa kuogopa tu mtambo kukauka Jumapili.

Klorini kwenye bomba la kurudishia tope, lile linalolitoa tangi la kutuamisha kulirejesha tangi la hewa, inaweza kukata nyuzi, nami naitumia, ila kama ganzi ya kung'olea jino. Anza na kilo 2 au 3 za klorini kwa kila kilo 1,000 za tope kavu kwa siku. Tangi la mita za ujazo 300 lenye gramu 3 kwa lita lina kilo 900 za tope, kwa hiyo unga wa klorini wa asilimia 65 utatumia kilo 3 hadi 4, zilizogawanywa siku nzima. Maji ya kutoka yakianza kuwa meupe, umewafikia wasiohusika, simama. Na kama hujaondoa kiini, nyuzi zitakuwa zimerudi kabla hujamaliza ndoo.

Limetuama vizuri, kisha linapanda

Hili huwatisha watu bure. Silinda inashuka vizuri, baada ya saa moja au mbili madonge yanapanda juu yakiwa yamebeba viputo. Yakoroge kidogo kwa kijiti: yakiachia hewa na kuzama, ni gesi ya naitrojeni. Tope limekaa mno chini ya tangi la kutuamisha, naitreti imegeuka gesi na kulibeba. Rudisha tope kwa kasi zaidi, punguza kina chake chini ya tangi, na kagua kama kwangulio la chini linazunguka kweli. Nimeshakuta mota inazunguka na mnyororo umekatika.

Povu

Povu jeupe, jepesi, linalopeperuka hadi kwenye magari ya wafanyakazi: tope changa, au sabuni. Kama mtambo umeanza juzi, vumilia. Kama ni mkongwe, uliza nani amebadilisha sabuni ya kuoshea sakafu.

Povu zito la kahawia, lenye mafuta, linaloganda kama utandu wa maziwa na hata ndege kulikanyaga: hao ni bakteria wa nyuzi wanaopenda mafuta, na tope lako ni zee. Kulipiga kwa maji ya mpira kunalirudisha tu ndani. Likwangue, litoe nje kabisa, punguza umri wa tope, kisha urudi kwenye kinasa mafuta.

Kinasa mafuta hakinasi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni mahali ambapo michoro ya kuazima hutuumiza. Kinasa mafuta hufanya kazi kwa sababu mbili: mafuta ni mepesi kuliko maji, na yakipoa huganda. Hiyo ya pili haipo kwetu. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25. Chupa inayoganda dirishani Nairobi, Mombasa ni maji mwaka mzima ila asubuhi chache za kusi. Kinasa kilichochorwa kwa kutegemea utandu mgumu unaokwanguliwa kwa koleo, hapa kitakuwa na tabaka jembamba la mafuta maji, na likifika wimbi la maji ya kuoshea, yote yanapita chini ya ukuta kwenda zake.

Kwa hiyo ukikuta mafuta kwenye tangi la hewa, fuata mpangilio huu. Pima joto la maji yanayoingia kinasani. Ya nyuzi 50 kutoka kwenye mashine ya kuoshea hayaachi mafuta nyuma. Yapitishe kwanza kwenye tangi la kupoza. Kisha pima muda: maji yakikaa chini ya nusu saa saa ya wimbi kubwa, kinasa ni kidogo, hata kama kwa wastani wa siku kinatosha. Wastani wa siku hauoshi sakafu. Sakafu huoshwa saa kumi na mbili jioni, wote kwa pamoja, mabomba manne wazi. Mwisho tazama kama kuna pampu ya kasi kabla ya kinasa. Pampu ile pamoja na sabuni hufanya kile unachofanya wewe ukikamua tui: mafuta yanavunjika kuwa chembe ndogo zinazoelea ndani ya maji, na hapo hakuna kinasa duniani kitakachozitenganisha kwa kusubiri. Hamisha pampu iwe baada ya kinasa, maji yafike kwa kuteremka yenyewe.

Yakishakuwa tui, ni shabu na viputo. Mashine ya kuinua mafuta juu ya maji kwa viputo, ambayo kwa Kiingereza hufupishwa DAF na mimi huiita dafu, husukuma hewa ndani ya maji kwa presha ya bar 4 hadi 6; presha ikiachiwa, maji huwa meupe kama maziwa. Kama hayawi meupe, kama unaona viputo vikubwa vya soda, hewa haijayeyuka: kagua presha, kiwango cha maji kwenye tangi la presha, na valvu ya kuachia. Kama ni meupe na bado mafuta yanapita, shida ni dawa. Panga majagi sita ya lita moja, tia shabu kwa viwango vya kupanda, pima pH ya kila moja, koroga kwa nguvu dakika moja kisha polepole dakika kumi. Shabu haifanyi kazi vizuri nje ya pH 5.5 hadi 7 hivi. Nimeona mtu akiongeza shabu mara mbili, mara tatu, kwenye maji ya pH 10 ya kuoshea chupa, na kushangaa kwa nini fedha inakwisha na mafuta hayaishi.

Inanuka yai viza

Kwanza usalama. Gesi ya yai viza, haidrojeni salfaidi, hulewesha pua: ikifika kama sehemu 100 kwa milioni huisikii tena, na mita chache chini ndani ya shimo inaweza kuwa mara nyingi ya hapo. Harufu ikipotea ghafla ukiwa unainamia shimo la pampu, ondoka. Usimshushe mtu kufungua pampu iliyoziba bila mita ya gesi, feni ya kupuliza hewa, mkanda na kamba yenye mtu juu. Na mtu akianguka chini, anayemfuata bila pumzi ya chupa huanguka juu yake. Wengi waliokufa kwenye mashimo haya walikuwa wameingia kuokoa.

Sababu ya kawaida ni maji kukaa bila hewa: bomba lenye mteremko mbaya, tangi lisilokorogwa, stima iliyopotea usiku na jenereta iliyounganishwa na laini ya uzalishaji pekee. Stima ikirudi baada ya saa sita, usifungulie mzigo. Peleka hewa kwanza hadi oksijeni isomeke, ndipo ulishe pole pole.

Ila Mombasa kuna sababu ambayo vitabu vya bara havikutajii. Maji ya bomba la mji yakigawiwa kwa zamu, viwanda vinageukia visima, na visima vyetu vingi vina chumvi ya bahari. Maji ya bahari yana salfeti karibu gramu 2.7 kwa lita. Kisima chenye sehemu moja ya kumi tu ya bahari kinakuletea miligramu 270, na mahali pasipo hewa bakteria huigeuza kuwa gesi ile ile. Kiwanda kinaweza kunuka wiki ya mgao na kupona wiki ya maji ya bomba, bila mtu yeyote kugusa mtambo. Andika kwenye daftari maji yametoka wapi siku hiyo. Safu moja tu, lakini imenifumbulia mafumbo mengi kuliko vipimo vya maabara.

pH inapanda na kushuka kama kiti cha bembea

Kostiki ya kuoshea mitambo na chupa huwa na pH ya 12 na kuendelea; maziwa na juisi vikichacha hushuka hadi 4. Kiwanda kimoja kinaweza kukuletea vyote kati ya Magharibi na Isha. Watu hufunga pampu mbili, ya asidi na ya kostiki, zikapigana usiku kucha. Nunua muda badala ya dawa: tangi la kusawazisha lenye kukorogwa na la kutosha maji ya zamu nzima hufanya kostiki na asidi zimalizane zenyewe. Na kabla ya kuamini mita, toa kichwa chake uone. Kikiwa na utelezi wa mafuta kinasoma ndoto. Kioshe kwa sabuni laini, kisha asidi hafifu, kisha kipime kwenye maji ya kulinganishia ya 4, 7 na 10.

COD imeruka na hakuna kilichobadilika

Uliza kama kuna kitu kimemwagwa. Soda ina sukari karibu gramu 100 kwa lita, na lita hiyo hubeba COD ya gramu 110 hivi. Bidhaa zilizopitwa na tarehe, lita 10,000 zikifunguliwa kwenye mfereji usiku mmoja, ni kilo 1,100. Mtambo uliojengwa kwa kilo 300 kwa siku umepewa chakula cha karibu siku nne kwa mkupuo. Viweke kwenye tangi la pembeni na udondoshe lita 270 kwa siku, utakuwa umeongeza sehemu moja ya kumi ya mzigo. Itachukua zaidi ya mwezi, naam, na meneja wa ghala atanung'unika. Maziwa ni mazito vilevile: lita moja ina BOD ya karibu gramu 100, zaidi ya anachotoa mtu mzima kwa siku moja na nusu.

Kama hakuna kilichomwagwa, shuku chumvi. Kipimo cha kawaida cha COD hudanganywa na kloraidi. Zebaki inayotiwa kuizuia huhimili hadi kama miligramu 2,000 kwa lita. Maji ya bahari yana 19,000. Kiwanda cha samaki au cha achari kinaweza kuadhibiwa kwa uchafu ambao ni chumvi tu. Omba maabara ipime kloraidi kwenye sampuli ileile, na kama imezidi, sampuli izimuliwe. Linganisha na BOD pia: BOD ikiwa imetulia na COD imepaa peke yake, hujaharibu kitu.

Chumvi yenyewe nayo ikija ghafla, pipa zima la maji ya kuhifadhia samaki, hutawanya tope na maji hutoka na ukungu. Bakteria huzoea chumvi, lakini kwa wiki, si kwa usiku.

Masika

Mei mvua ikishuka, mara nyingi kosa ni paa. Mtu aliunganisha mifereji ya mabati na shimo la maji taka kwa kuwa lilikuwa karibu, na tope lote husombwa na maji ya mvua. Tenganisha. Vitanda vya kukaushia tope viezeke kwa mabati ya kuangaza, la sivyo utakuwa unaloweka tope badala ya kulikausha.

Tope limekufa

Dalili yake ni ya ajabu: oksijeni inapanda. Bloa ni zilezile, kasi ileile, na mita inasoma 6 badala ya 2. Hakuna anayevuta pumzi mle ndani. Maji ya kutoka yana ukungu wa tui jepesi, povu jeupe limetanda, na chini ya hadubini wale wadudu wenye umbo la kengele waliosimama kwenye vijiti vyao hawapo, au wapo na wamejikunja.

Kiwanda cha maziwa kiliniita wiki mbili kabla ya Ramadhani. Walikuwa wanajiandaa kwa zamu mbili, wakasafisha kila tangi na kila bomba kwa dawa ya kuua vijidudu, na madumu yaliyobaki wakayamimina mferejini ili ghala libaki safi. Dawa ilifanya kazi yake hadi mwisho wa mtambo.

Tulizuia maji mapya, tukayapeleka tangi la akiba na ya kuzidi yakachukuliwa na gari la kunyonya. Tukatoa karibu nusu ya maji ya tangi la hewa, nayo pia kwa gari hilohilo, yasiguse mfereji. Tukaleta malori mawili ya tope hai kutoka mtambo mwingine unaotibu maji ya maziwa; tope lililozoea chakula kilekile huanza kazi mapema kuliko la vyooni, ingawa hilo nalo hufaa ukikosa. Siku mbili hewa tupu. Siku ya tatu tukalisha robo ya mzigo. Kila asubuhi kijana wa zamu alinitumia picha ya silinda na namba ya mita: 5.8, 5.5, 5.6, 4.9. Meneja alikuwa ananiuliza kama bloa zimeharibika, maana namba inashuka.

Siku ya tisa ikasoma 2.1 na bloa hazijaguswa. Nikampigia kumwambia afungue nusu.